Springi za Mke Mwenza

Shemeji yangu aliingia kibandani kwangu bila hata hodi, akalisukuma kando gauni la watu nililokuwa nakata, akalaza shokapu mbili kuukuu za gari lake juu ya meza yangu. Zilikuwa zimelowa mafuta, na moja ikaanza kuvujia kitambaa cha mteja. Kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshafika mlangoni, ametazama barabara, amerudi, amekaa kwenye kigoda na kusimama tena.

"Zimekufa zote mbili," alisema. "Ndiyo maana gari linamrusha dada yako."

Nilimwambia aondoe maiti zake mezani kwangu. Akazichukua, akazipangusa kwa shati lake mwenyewe, akaendelea kuzunguka kibandani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikaacha kukata, maana mkasi hautaki mtu wa kukutia wasiwasi.

Shemeji ni muuza nyama. Mtaani wanamwita Mizani, kwa sababu hupakata kipande cha nyama kiganjani, hufumba jicho moja, hutaja uzito wake, kisha ndipo hukiweka kwenye mizani ili mteja ajionee. Hakosei. Watu huleta wageni wao kumtazama, hubishana, naye hufurahi kama mtoto. Ana mikono mipana na mdomo mpana zaidi, na kukaa hajui. Tangu nimjue yeye ni kiguu na njia, hata chakula anakula huku anatembea. Ila tangu dada yangu augue, kule kutotulia kwake kulikuwa kumegeuka kitu kingine. Alikuwa hakaliki. Anafungua bucha, anaifunga, anakuja kwangu, anarudi nyumbani kuchungulia chumbani, anatoka tena.

Ugonjwa ulikuwa umeingia kwenye mifupa ya mgongo wa dada. Kila wiki ilibidi apelekwe hospitali kuu, ng'ambo ya reli, na aliyempeleka ni mimi, kwa gari langu la milango minne lisilo na mwendo wala sura, ila laini kama godoro. Dada alilala kiti cha nyuma na mito yake. Shemeji alibaki getini akitutazama tunavyoondoka, na hilo ndilo lililokuwa likimla.

Kwa maana yeye naye ana gari, tena la spoti. Lina milango miwili na viti viwili, na liko chini kiasi kwamba kuingia ndani ni kama kuteremka kisimani. Alilinunua likiwa tayari limezeeka, akaja nalo kumposa dada yangu. Dada ndiye aliyelibatiza Mke Mwenza, siku alipomwona mchumba wake akilipangusa vumbi kwa leso aliyompa yeye. Miaka yote ya ndoa yao walitoka nalo Jumapili, wawili tu, watoto wakiachwa kwangu, na walirudi jioni dada nywele zimetimka na sauti imekauka kwa kucheka. Sasa watoto wana nyumba zao. Na mara ya mwisho dada alipopanda, gari lilikanyaga shimo dogo tu, akapiga ukelele uliotutoa wote nje. Aliposhushwa alimwambia mumewe mbele yangu:

"Ukilifanya lisinirushe, nitapanda. Likinirusha tena, hata mara moja, basi. Nitakwenda na mdogo wangu mpaka mwisho."

Dada alijua anachosema aliposema mwisho. Shemeji alisikia ile sehemu ya kwanza tu.

Ikawa sasa hana habari nyingine duniani isipokuwa shokapu na springi za nyuma. Alimuuliza kila mwenye gari na wengine wasio na hata baiskeli. Dereva wa lori akamwambia aongeze majani ya springi, kana kwamba Mke Mwenza anabeba mawe. Mpangaji wake mmoja, aliyewahi kushindana mbio za magari na kushika mkia, akamshauri anunue springi fupi ngumu. Shemeji alikuja kunieleza yote haya nikiwa na pini mdomoni, na nikishindwa kumjibu alidhani nakubaliana naye. Mwishowe nilizitema zile pini nikamwambia aende kwa Kimya.

Kimya ni fundi wa magari, na jina hilo alipewa kwa sababu hajawahi kunyamaza. Karakana yake iko karibu na reli, sakafu ya saruji yenye madoa, bati juu, shimo la kuteremkia chini ya magari, na redio anayoizungumzia juu mpaka mtangazaji hasikiki. Lakini kazi yake safi. Shemeji aliniomba niende naye, maana nilikuwa namshonea dada mto mwembamba wa kukalia na nilitaka vipimo vya kiti.

Kimya alikuwa ametoa springi za aina tatu na kuzisimamisha sakafuni. Za kwanza zilikuwa laini, mfano wa zile ambazo gari lilitoka nazo kiwandani. Za pili zilikuwa za kati. Za tatu fupi, nene, nyekundu, na shemeji alipozishika tu Kimya akamnyang'anya, akamwambia hizo ni za watu wenye migongo ya kuazima. Kando yake kulikuwa na shokapu za mafuta, ambazo ni pole, na za gesi, ambazo ni kali. Akatueleza kwa kirefu, na mimi nafupisha: springi ndiyo inayobeba, shokapu ndiyo inayoituliza isiendelee kudunda, na lazima zilingane nguvu, la sivyo gari litaruka kama mpira au litakung'uta watu kama ungo.

"Mimi nataka laini," shemeji alisema. "Laini kuliko zote. Mgonjwa huyo."

Kimya akamwambia asiwe na haraka. Yeye ana desturi yake, na haivunji kwa mtu yeyote. Hafungi springi kwa gari tupu. Kwanza anataka kujua nani atakaa wapi, halafu anajaza magunia mchanga yenye uzito wa watu hao, anayakalisha kwenye viti, anapima kwa futi toka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, lile bati la juu ya gurudumu, kisha anapanda juu ya bampa na kuruka. Gari likigonga chini, springi hiyo imekataa.

Shemeji alitaka akae mwenyewe badala ya gunia. Alikaa, akageuka kutazama nyuma, akajaribu gia, akafungua dirisha, na Kimya aliyekuwa amechuchumaa na futi yake akamwambia atoke, kipimo kinacheza. Likajazwa gunia la kwanza, la dereva. Ndipo Kimya akauliza uzito wa mama.

Nikasema upesi kwamba jirani hapo kuna duka la nafaka, tukaazime mizani. Sauti yangu ilitoka ndogo kuliko nilivyokusudia.

Shemeji alicheka. Akanitazama kama mtu aliyetukanwa na shemeji yake akaamua kusamehe. Akainama, akalishika lile gunia la pili kwa mikono miwili, akafumba jicho moja.

"Ongeza," alisema.

Kimya akamimina mchanga kwa koleo.

"Ongeza. Huyu mwanamke nimembeba kumvusha mlango wa nyumba yangu, na nimembeba kutoka leba mara tatu. Ongeza bado."

Mimi nilijua. Nilijua kwa sababu ndiye niliyekuwa napunguza nguo zake. Tangu aanze matibabu, dada alikuwa ananiletea magauni yake kwa siri, moja moja, ndani ya mfuko wa sokoni, nami nayafumua ubavuni, nakata, nashona tena. Nikimaliza duru moja tunaanza upya. Ndani yake alivaa shumizi mbili, wakati mwingine tatu, na hata kwenye joto hakuzivua. Uso haukumsaliti, maana dawa zilikuwa zimemvimbisha mashavu hadi wapita njia wakamwambia amenawiri. Kulala alikuwa amehamia chumba cha watoto, akisema mume anamgongagonga kwa kujigeuza. Kuoga nilimwogesha mimi. Niliponawisha mgongo ule nilihesabu pingili zake kwa kitambaa, nikitazama ukutani.

Niliwahi kumuuliza kwa nini anamficha. Alinijibu kwamba mume wake ni mtu wa vipimo, siku akijua kipimo hiki hatabaki na kitu cha kushika. Akaniapisha kwa jina la mama yetu. Basi nilisimama pale karakana na mto wangu mkononi, mdomo mzito, nikitazama gunia likinenepa. Nilimkasirikia shemeji kwa ujinga wake na nilimkasirikia dada kwa ujanja wake, na hasira zote mbili hazikuwa na pa kwenda.

Gunia lilipokuwa limejaa karibu na shingo, shemeji alilinyanyua, akalipakata kifuani, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Huyu," alisema. "Huyu ndiye mke wangu."

Akalikalisha mwenyewe kwenye kiti cha kushoto, taratibu, akalifunga mkanda.

Springi laini zilifungwa kwanza. Matako ya gari yakashuka, madigadi ikakaribia kulamba tairi, na Kimya aliporuka juu ya bampa tukasikia chuma kikigonga chuma. Akarudia, kikagonga tena. Hizo zimekataa, alisema, kwenye shimo la kweli mama atavunjika. Akazitoa, akafunga zile za kati, na kwa kuwa zina nguvu zaidi akazipa shokapu za gesi. Aliporuka safari hii gari lilishuka, likapanda, likatulia. Shemeji akalizunguka mara sijui ngapi, akilikandamiza hapa na pale kwa kiganja. Alikuwa na furaha ambayo sikuiona kwake siku nyingi, na mimi niliiogopa furaha ile.

Siku ya hospitali ilipofika, dada alivaa gauni la njano, shumizi zake ndani, na akajipaka wanja. Alikuwa na hamu. Hilo nalo niliseme, maana mtu anaweza kudhani alipanda kwa kumwonea mumewe huruma. Alikuwa amelikumbuka lile gari. Tulikubaliana kwamba mimi nitafuata nyuma na mito yangu, na akishindwa atatoa mkono dirishani nami nitamchukua.

Dada aliingia mwenyewe akiniegemea mimi, shemeji akamfunga mkanda, akazunguka akaingia. Nikaangalia upande wa dada. Matako ya gari yalibaki juu, yamebetuka, kana kwamba hakuna aliyekaa. Nilitazama kushoto na kulia kama mwizi, nikawasha gari langu.

Barabara ya kwetu walipita salama. Kwenye makutano walipita salama, na niliona kichwa cha shemeji kikimgeukia dada kila mara, akisema hiki na kile. Halafu wakafika relini. Alipunguza mwendo vizuri, siwezi kumlaumu. Gurudumu la nyuma likakanyaga chuma cha kwanza na gari likarusha matako juu kama punda aliyeguswa na nyuki, na kabla halijatua likakanyaga chuma cha pili. Mkono wa dada ulitoka dirishani. Haukupunga, ulining'inia tu.

Nilipowafikia, dada alikuwa ameuma leso na machozi yakimshuka pamoja na wanja. Alisema asiguswe kwanza. Karakana ya Kimya ilikuwa hapo mbele, ikionekana, na shemeji akalipeleka gari kwa mwendo wa mtu anayetembea, akimtukana Kimya kwa sauti njia nzima kupitia dirisha lililo wazi.

Alishuka bado anatukana. Alimwambia Kimya ni tapeli, amemfungia springi za mashindano huku akimwonyesha za kati. Alipiga teke koleo. Kimya, kwa mshangao wa kila mtu, hakujibu kitu. Alichukua futi yake, akachuchumaa ubavuni mwa kiti cha kushoto, akapima toka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi. Akapima tena. Akamtazama dada ndani ya gari, akaitazama futi, akanitazama mimi. Mimi nikatazama viatu vyangu.

"Mzee Mizani," alisema pole pole, "hapa gari linaniambia kiti hiki kimekaliwa na mtoto."

"Futi yako imeoza."

Mtangazaji wa redio alisikika siku hiyo neno kwa neno, akisoma bei za mahindi.

Shemeji alienda mpaka ukutani, akarudi. Akaishika ile futi, akapima mwenyewe, akaitupa. Akaanza kuelekea kwenye zile springi, akaghairi, akaja kwangu kana kwamba nina jibu mfukoni. Ndipo dada alipomwita kutoka kwenye gari.

"Baba watoto. Njoo uniinue."

Alisimama.

"Njoo. Acha kuzunguka. Niinue unitoe humu."

Akaenda. Akapiga goti kwenye saruji yenye mafuta, akapitisha mkono mmoja nyuma ya mabega na mwingine chini ya magoti, kama dada alivyomwelekeza, taratibu. Alijikaza kiuno kama mtu anayejiandaa kwa mzigo anaoufahamu. Akanyanyua. Nilimwona akipepesuka kidogo kwenda nyuma, maana nguvu aliyokuwa ameiandaa ilizidi.

Hakufumba jicho. Alibaki amesimama pale na mke wake mikononi, gauni la njano likining'inia, na mikono ile ambayo haijawahi kukosea ikimwambia. Uso wake ulikwenda mahali ambapo sikuwahi kuuona. Nilitaka kugeuka nisimtazame na nikashindwa. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, mwanaume huyo hakutikisika hata kidole.

"Umepata?" dada alimuuliza.

Akaitikia kwa kichwa.

"Basi. Niweke chini, utachoka."

"Nichoke kwa lipi?" alisema, na sauti yake ikakatika.

Dada alimwekea kichwa begani. Kimya aliizima redio, akaenda nje kusimama juani bila sababu yoyote.

Baadaye shemeji alimlaza dada kwenye gari langu, akampanga mito mmoja mmoja. Nilitegemea atanigeukia mimi, kwa kuwa mtu yeyote mwenye akili angejua nani alikuwa anashona yale magauni. Badala yake alirudi ndani, akaliburuta lile gunia lililokuwa bado kwenye pembe, akalifungua shingo, akaanza kutoa mchanga kwa viganja vyake. Anatoa, analinyanyua, analiweka. Anatoa tena. Kimya alimletea koleo, akaikataa. Lundo likakua sakafuni, likakua, mpaka nikatamani mtu amzuie. Mwisho alilipakata gunia kifuani kama siku ile, akakaa nalo kidogo.

"Huyu," alimwambia Kimya. "Funga zile laini, umpime huyu."

Nilimpeleka dada hospitali. Kimya alinisimulia yaliyobaki, kwa kirefu chake, sauti ikiwa imemrudia: kwamba kwa springi laini na gunia jipya gari halikugonga chini hata aliporuka na rafiki yake, kwamba aliweka shokapu za mafuta, na kwamba mzee alikaa chini sakafuni muda wote wa kazi, kando ya lile lundo, bila kuuliza swali.

Wiki iliyofuata nilipofika kumchukua dada, alikuwa tayari kwenye kiti cha kushoto cha Mke Mwenza. Alikuwa amevaa gauni la bluu ambalo sikuwahi kuligusa, la enzi za unene wake, na shumizi hakuna. Lilikuwa limemmeza. Shemeji alinivuta kando getini na kuniambia nisipunguze nguo yoyote tena bila yeye kujua. Nikasema sawa. Alinishika mkono, halafu akaenda akakaa nyuma ya usukani, akatulia.

Niliwafuata na mito yangu. Relini alisimama kabisa, kisha akaachia gari lijiviringishe lenyewe. Matako yakashuka kwenye chuma cha kwanza, yakapanda, yakashuka kwenye cha pili, yakatulia. Nilikuwa nimeshika usukani kama ninaye mgonjwa mimi.

Ng'ambo ya reli mkono wa dada ukatoka dirishani. Nikakanyaga mafuta kuwakaribia. Mkono haukuning'inia. Ulikuwa mwembamba ndani ya mkono mpana wa gauni la bluu, upepo ukiupigapiga ule mkono wa gauni, na ulikuwa unanipungia nigeuze, nirudi nyumbani.